Thomas Midgley, mutu aliyevuta gazi mbele ya watu

Mutu tunayemusimulia leo alikufa tangu 1944, na huku kwetu Katanga wengi hawajue jina lake. Lakini kazi yake iliingia ndani ya kila kamiyo iliyopita barabara ya Likasi na ndani ya frigo za zamani zenye tulikuta kwa wazazi wetu. Anaitwa Thomas Midgley, Mumarekani, enjenyere. Alitengeneza vitu viwili vikubwa. Vyote viwili dunia ilivipigia mikono, na nyuma yake dunia ikavikataza. Tena vyote viwili viligusa fasi moja yenye yeye hakuifikiria hata siku moja: maji ya juu juu ya bahari, kwenye kunaishi viumbe vidogo kabisa ambavyo jicho halivione.

Alizaliwa tarehe 18 mwezi wa tano 1889 katika muji mudogo wa Beaver Falls, jimbo la Pennsylvania, na alikomalia Columbus, kule Ohio. Baba yake naye alikuwa mutu wa kuvumbua, hasa mambo ya mipira ya magari. Kijana alisoma kwenye chuo kikuu cha Cornell, akatoka 1911 na diploma ya enjenyere wa mashini. Wa mashini, hapana wa kemia. Kemia aliijifunza mwenyewe ndani ya kazi, na njo ile kemia iliyomupa sifa.

Mwaka wa 1916 aliingia kutumika Dayton, chini ya Charles Kettering, mukubwa wa laboratware moja ambayo nyuma ilinunuliwa na General Motors. Motere ya esansi ya wakati ule ilikuwa na ugonjwa. Ukiikaza kwenye kilima, ndani yake kunaanza kugonga, tok-tok-tok, na nguvu inapotea. Midgley na wenzake walitafuta dawa ya kutia ndani ya esansi. Walijaribu iodini, anilini, seleniamu, teluriamu. Hii ya mwisho ilikuwa na harufu kama ya kitunguu saumu, inashika mwili na nguo, hata ukioga haitoke. Tarehe 9 mwezi wa 12 1921 walitia mafuta moja yenye kutengenezwa na risasi, ile madini nzito ya ndani ya batri. Motere ikanyamaza.

Pombe kali pia ilikuwa inatuliza motere, na wao walijua vizuri. Lakini pombe hata mukulima anaipika. Hakuna kompani inaweza kuiandikisha kama mali yake peke yake. Dawa ya risasi iliandikishwa. Wakaiita Ethyl, na neno risasi halikutiwa kwenye jina. Mwezi wa pili 1923 garaji moja ya Dayton ilianza kuiuza. Siku zile Midgley mwenyewe hakuwa na nguvu ya kushangilia. Risasi ilikuwa imekwisha kumuingia mwilini, akaacha kazi na kwenda Florida kupumuzika kwenye hewa ya bahari.

Tukae kidogo hapa, juu ni hapa wafanyakazi wanaingia ndani ya hadisi.

Ile dawa, ikiwa bado haijachanganywa na esansi, inapita kwenye ngozi na kwenye pumuzi, na inapanda kichwani. Ndani ya kiwanda cha Deepwater, New Jersey, wafanyakazi walikuwa wanaona wadudu wenye hawako. Wanatupa mikono hewani kuwafukuza, mupaka wenzao wakaita ile nyumba jina la vipepeo. Mwezi wa kumi 1924, kwenye kiwanda kingine cha New Jersey, pale Bayway, mambo yalipasuka. Kwa siku chache watu wenye nguvu walianza kupiga kelele, kuona adui, kupigana na hewa. Walifungwa ndani ya nguo za kufungia wenye wazimu. Watano walikufa. Zaidi ya 30 walipelekwa hospitali. Na mukubwa moja wa kiwanda akaelezea waandishi wa magazeti kwamba pengine wale watu waliwazimuka sababu walitumika kupita kiasi. Sisi wa sendika tunajua hii muziki. Mufanyakazi akianguka, kosa ni ya mwili wake.

Tarehe 30 ya mwezi ule Midgley aliitwa New York kutuliza watu. Mbele ya waandishi wa magazeti alimwanga ile dawa kwenye mikono yake, akanawa nayo, kisha akaweka chupa chini ya pua na kuvuta harufu kwa muda wa sekunde 60. Akasema anaweza kufanya vile kila siku bila kupata shida. Mutu yule yule alikuwa ametoka kuuguza sumu yake mwaka moja na nusu mbele. Katika kiwanda kimoja huku kwetu, ambacho sitakitaja, nilikwisha kuona kiongozi wa kazi akiondoa maski mbele ya wageni kusudi waone kama hewa iko safi. Alikaa dakika tano. Watu wa zamu walikaa masaa 8, siku sita, miaka kumi.

New York na miji mingine walisimamisha biashara ya ile esansi. Mwezi wa tano 1925 serikali ya Marekani iliita mukutano Washington. Kulikuwa wakubwa wa kompani, kulikuwa pia wachache wa kupinga, kati yao mama Alice Hamilton, munganga wa magonjwa ya kazi, mwanamuke wa kwanza kufundisha Harvard. Yeye aliwaambia waziwazi kwamba fasi risasi inatumiwa, hata ukiilinda namna gani, siku moja itatia mutu sumu. Kamati ikachaguliwa, ikapima watu kwa miezi michache, na mwezi wa kwanza 1926 ikatoa jibu kwamba haioni sababu nzuri ya kukataza. Risasi iliingia ndani ya esansi ya dunia nzima. Afrika chini ya Sahara ilitoka ndani yake paka mwisho wa 2005, na Algeria, ya mwisho duniani, iliacha 2021. Wenye kutaka kujua risasi inafanya nini ndani ya damu ya watoto hawana haja ya kwenda mbali: Kabwe, kule Zambia, muji wa mugodi wa risasi wenye kufungwa tangu 1994, bado inateswa nayo.

Nimesema risasi ilifika bahari. Mwaka wa 1963 Clair Patterson, Mumarekani mwenye kupima madini kwa uangalifu wa ajabu, alionyesha kwamba maji ya juu ya bahari iko na risasi mingi kupita maji ya chini. Kama ingetoka ndani ya mawe na mito tangu zamani, ingekuwa imekwisha kushuka. Ile ilikuwa imetoka juu, kwa hewa, na motere za magari zilikuwa na sehemu kubwa ndani yake.

Turudi kwa Midgley. Frigo za miaka ya 1920 zilikuwa hatari ndani ya nyumba. Zilitumia amoniaki, ao gazi ya kiberiti, ao kloridi ya metili. Bomba ikitoboka usiku, familia inaweza kulala na kutoamuka. Ilifika mara nyingi kule Chicago. Kettering alimuomba Midgley atafute gazi yenye haiui na haiwake moto. Pamoja na Albert Henne na Robert McNary, alichukua kaboni, klori na fluori, akaviunganisha. Mara ya kwanza walimutia simbilisi ndani ya ile gazi, akabaki muzima. Mara ya pili simbilisi akafa, na wakagundua kwamba dawa ya kutengenezea, kwa ile chupa ya pili, ilikuwa chafu na ilitoa sumu nyingine. Midgley mwenyewe alipenda kusimulia kwamba, kama wangeanza na chupa chafu, wangetupa kazi yote. Gazi ikaitwa Freon.

Mwezi wa ine 1930, katika mukutano wa shirika la wanakemia wa Marekani huko Atlanta, akarudilia muchezo wake. Alivuta Freon akajaza mapafu, kisha akaipuliza polepole juu ya mushumaa. Mushumaa ukazimika, yeye akabaki amesimama. Gazi haiui, haiwake. Na safari hii, tuseme ukweli, alikuwa na haki. Kwa mapafu ya mutu ile gazi ilikuwa salama kupita zote zilizokuwako. Dawa za hospitali, damu ya kuongezea wagonjwa, nyama na samaki, vyote vilipata baridi bila kuua watu usingizini. Siwezi kumuchukia kwa hiyo.

Alipewa medali nyingi, zaidi ya hati 100 za uvumbuzi ziliandikwa kwa jina lake, na 1944 alichaguliwa kuwa prezida wa lile shirika la wanakemia. Lakini mwaka wa 1940, akiwa na miaka 51, polio ilikuwa imemukamata na kumuvunja miguu. Enjenyere hakukubali kubebwa. Alijitengenezea kamba na magurudumu juu ya kitanda za kumuinua mwenyewe. Tarehe 2 mwezi wa 11 1944, nyumbani kwake Worthington, Ohio, walimukuta amekufa, kamba zake zimemunyonga. Alikuwa na miaka 55.

Maisha ya mutu yalimalizika. Maisha ya gazi yake yalikuwa bado kuanza.

Jua linatupa mwangaza wenye tunaona, moto wenye tunasikia kwenye ngozi, na kitu cha tatu chenye hatuone: mionzi ya ultravioleti. Basudere wa atelie wanaijua hata kama hawajasoma jina lake. Ukitazama moto wa sudiri muchana bila miwani, usiku macho inakuwa sawa imejaa muchanga. Ni ultravioleti imeunguza ngozi ya jicho. Ndugu zetu wenye ualbino wanaijua kupita sisi wote. Yenye inatoka kwenye jua ingekuwa kali zaidi kama kule juu, kati ya kilometa 15 na 35 hivi, hakungekuwa ozoni, yaani oksijeni ya atomu tatu. Ni kidogo sana: ukiikusanya yote na kuishusha huku chini, unene wake ungekuwa milimita 3 tu. Wafaransa wawili, Charles Fabry na Henri Buisson, waliipima 1913. Kwa hiyo siku ya mushumaa wa Atlanta, watu walikuwa wamekwisha kujua miaka 17 kwamba dunia iko na paa. Hakuna aliyeuliza kama Freon inaweza kufika kwenye paa.

Na ile paa ilijengwa na nani? Na viumbe vidogo vya majini. Zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita bakteria za kuishi kwa mwangaza zilianza kutoa oksijeni, oksijeni ikapanda, jua likageuza sehemu yake kuwa ozoni. Mbele ya pale uhai ulikuwa unajificha chini ya maji, juu nchi kavu ilikuwa inapigwa na ultravioleti bila kizuizi.

Wajukuu wa zile bakteria, pamoja na mimea mingine ya chembe moja, tunaviita planktoni. Tone moja la maji ya bahari linaweza kubeba maelfu yao. Wanafanya karibu nusu ya kazi yote ya majani duniani: kuchukua gazi ya kaboni, kutengeneza chakula, kutoa oksijeni. Lakini hawawezi kufanya ile kazi ndani ya giza. Wanapaswa kukaa juu, kwenye mwangaza, na mwangaza unakuja pamoja na ultravioleti. Sawa muchimbaji: fasi kuko madini njo fasi kuko hatari.

Ultravioleti inawafanya nini? Inapiga ADN, ule uzi wa maandiko ya uhai ndani ya kila chembe, na kunatisha herufi mbili zenye ziko jirani, mupaka chembe haiwezi tena kusoma maandiko yake wala kujigawa. Inavunja pia mashini yao ya kushika mwangaza, kwa hiyo wanakula kidogo na kukomaa polepole. Wengine wenye kuogelea wanapoteza njia, hawajue tena juu wala chini. Hata virusi vya baharini vinaharibiwa na jua. Lakini hawa viumbe hawako wajinga. Wengi wako na fundi ndani ya chembe, enzimu moja, yenye inakata ile kosa ya ADN kwa nguvu ya mwangaza wa buluu. Jua lile lile linaunguza na linasaidia kuponesha. Wengine wanatengeneza dawa yao ya kujipakaa, mafuta ya jua ya asili. Tena maji yanawakoroga, upepo unawashusha chini kupumuzika, kisha unawapandisha. Katika maji safi kabisa ultravioleti inaweza kushuka metre 20 na zaidi. Maji yenye rangi inaizuia mapema: muto wetu Kongo, na ile rangi yake ya chai ya misitu, ukimwangika Atlantiki kule Banana unafunika viumbe vya pale kama mwavuli, mupaka jua lenyewe likavunje ile rangi polepole.

Kule kusini kabisa, kwenye barafu ya Antaktika, hakuna muto wa rangi ya chai. Maji ni safi. Viumbe vya pale vilizoea jua dogo la kulala chini. Na ni pale Freon ilifungua paa.

Ile sifa ya Atlanta, kutowaka na kutochanganyika na kitu, njo iliyoleta shida. Mvua haiioshe, hakuna kitu huku chini kinaivunja. Inabaki hewani miaka na miaka, inapanda polepole, na ikifika kule juu ya paa, ultravioleti kali inaikata na kutoa klori. Atomu moja ya klori inaweza kuharibu makumi ya maelfu ya ozoni mbele ya kutulia. Mario Molina na Sherwood Rowland waliandika hayo 1974, na kompani za gazi zikawapinga, sawa zilivyopinga mama Hamilton. Mwezi wa tano 1985 Joe Farman na wenzake wawili, Waingereza wenye kupima hewa kwenye kituo cha Halley, Antaktika, walitangaza kwamba kila mwezi wa kumi ozoni juu ya vichwa vyao inashuka, imekwisha kupoteza karibu theluthi moja.

Angalieni mwezi wenyewe. Tundu linafunguka kuanzia mwezi wa tisa mupaka wa 11, wakati jua linarudi kusini. Ni wakati ule ule barafu inayeyuka na planktoni inaanza kuzaa kwa wingi kwenye ukingo wa barafu, kwa kulisha krili, na krili inalisha samaki, pengwini na nyangumi. Paa linaondoka siku ya mavuno.

Mwaka wa 1990 Raymond Smith, wa chuo kikuu cha California kule Santa Barbara, alienda na meli kwenye bahari ya Bellingshausen. Kwa wiki sita timu yake ilipima maji yaliyokuwa chini ya tundu na maji yaliyokuwa inje yake, wakilinganisha kazi ya planktoni fasi zote mbili. Matokeo yalitoka 1992: chini ya tundu, kazi ya planktoni ilipunguka kwa asilimia 6 mupaka 12. Wengine walikuwa wametabiri kifo cha bahari nzima; haikukuwa vile. Ukihesabu mwaka muzima hasara inakuwa ndogo zaidi, juu tundu linafungwa, upepo unakoroga maji, na aina zenye kujua kujikinga zinachukua fasi ya zile dhaifu. Lakini hata ule mubadiliko wa aina ni jambo, sababu krili haili kila kitu.

Wakati Smith anaingia baharini, mapatano yalikuwa yamekwisha kuandikwa Montreal, tarehe 16 mwezi wa tisa 1987, ya kupunguza Freon na ndugu zake. Nyuma yake yalikazwa mupaka kutengeneza zile gazi kukakatazwa, na kufika 2009 nchi zote za dunia zilikuwa zimetia sahihi, jambo ambalo kwa mapatano ya namna ile halikukuwa limefika bado. Kompani zilizosema haiwezekane zilitengeneza gazi nyingine.

Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walihesabu 2022 kwamba, kama mapatano yanaheshimiwa, ozoni ya Antaktika itarudi kwenye kipimo cha 1980 karibu na mwaka wa 2066. Wanachelewesha vile sababu Freon ya frigo inaishi hewani karibu miaka 100. Ile yenye ilitoka ndani ya frigo zilizotoboka mwaka Midgley alikufa, sehemu yake iko bado kule juu, na kila mwezi wa kumi inaingia kazini.